Makaa ya Mama na Valvu za Baba

Wenzangu mliokuwa wadogo wakati Uhuru nao ulikuwa bado mdogo, najua nikitaja tu Julai ya Kiganjo mtavuta sweta, hata kama mmekaa juani. Siku hizi watu husema kuna baridi. Baridi gani? Baridi ni ile yetu, ya kuamka ukute nyasi zimepakwa sakitu nyeupe kama chumvi, na wewe huna viatu, na shule iko ng'ambo ya reli. Tulikuwa na ujanja wetu. Tulipita zizini, tukamwinua ng'ombe, tukasimama pale pale alipokuwa amelala mpaka nyayo zipate uhai, kisha tukakimbia hadi zizi la jirani tukamwinua na wa kwake. Nilifika shuleni nikinuka samadi, na mwalimu hakuuliza kitu, kwa sababu darasa zima lilinuka hivyo hivyo.

Msinidhanie bibi kizee. Thelathini sijafika. Lakini nikimwona mtoto wa leo amesimama mlangoni analia kwa sababu soksi moja imelowa, na shuleni anangojewa na pakiti ya maziwa, natamani nimpeleke kwa mkono hadi kwenye zizi lolote nimwoneshe mahali pa kusimama.

Chakula chetu kilikuwa viazi vya kuchimbiwa kwenye jivu, tunavipiga makofi ili vumbi litoke, tunavila na maganda. Michezo yetu ilikuwa kati, bano, na kuteleza kwenye mteremko wa kwenda mtoni tukiwa tumekalia kipande cha ubao kilichopakwa sabuni. Na sauti ya utoto wangu ilikuwa pikipiki. Wengine wakifumba macho husikia kengele ya kanisa, ama treni ya Nanyuki ikipanda. Mimi nasikia silinda moja ikigonga tu-tu-tu uani kwetu, na moshi ukichanganyika na moshi wa jikoni, na mama akisema, "Haya, imeamka."

Baba yangu alikuwa bwana wa mbegu. Kila asubuhi alifunga mtungi wake nyuma ya pikipiki ya ofisi, na ndani ya mtungi mlikuwa na mbegu za madume makubwa ya serikali ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuyaona. Kando ya barabara ya kuelekea Naro Moru kulikuwa na vizizi vyembamba vya mbao, na mwenye ng'ombe aliyeanza kutaka ndume alimleta hapo alfajiri, akamfungia, akakaa kungoja baba apite. Ng'ombe hana subira ya mwaka mzima. Hamu yake ni ya siku moja, ikipita imepita, mpaka wiki tatu zingine. Kwa hiyo baba hakutakiwa kuchelewa.

Kazi hiyo ilinipa taabu uwanjani. Wavulana waliniimbia, "Wairimu, mtoto wa ndume ya pikipiki!" Nililia wiki nzima. Halafu nikamwambia mmoja wao, mbele ya wote, "Hata ndama wenu ni ndugu yangu basi, mkimchinja mniite." Hawakuimba tena.

Lakini mimi niliipenda ile pikipiki kupita kiasi. Nilikuwa nimeshapanga nikiwa mkubwa nitaipanda niende kuona mawingu ya Mlima Kenya yanalala wapi. Niliwauliza watu wazima wengi na hakuna aliyejua, kwa hiyo niliona ni lazima mtu aende.

Baba aliitengeneza mwenyewe nyumbani. Siku hizi pikipiki ikikohoa mara moja kijana anaisukuma mpaka kwa fundi, anakaa kwenye kreti ya soda, masikioni ameziba na waya za muziki, anangoja kuitwa. Baba alikuwa na spana zake kwenye gunia, na kila mwezi, Jumamosi moja, ilikuwa siku ya valvu.

Acha nieleze kama alivyonieleza yeye. Injini inapumua kama mtu. Iko na vilango viwili vidogo kichwani, kimoja cha kuvuta pumzi na kingine cha kutoa moshi, na hivyo ndivyo valvu. Juu ya kila kilango kuna kidole cha chuma kinachokisukuma kifunguke. Kati ya kidole na kilango lazima pawe na nafasi ndogo, ndogo sana, kama unene wa karatasi. Ikiwa kubwa, injini inapiga kelele kama sufuria zinazogombana. Ikiisha kabisa, kilango hakifungi, pumzi inatoroka, na injini haiwaki.

"Iwe na nafasi ya kupumua, maitu," baba alisema. Mimi ni kifungua mimba, nina jina la mama yake, ndiyo maana aliniita maitu, yaani mama.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia bua. Baba alifungua plagi, akaingiza bua refu la nyasi kwenye tundu lake likagusa pistoni, kisha akazungusha injini polepole kwa mkono. Bua lilipanda. Mimi nilipiga magoti, pua karibu na chuma, na lilipoacha kupanda nilipaza sauti, "Imefika!" Hapo pistoni iko juu, vilango vyote viwili vimefunga, na baba alinipa kijibati chembamba cha kupimia, nikakipenyeza kwenye ile nafasi kwa vidole vyangu vidogo. Kilitakiwa kuingia kikisugua, kama kisu kwenye siagi iliyoganda. Kikikataa, ama kikiingia ovyo, baba alilegeza nati kwa spana, akageuza skrubu kidogo kwa bisibisi, akakaza, nikapima tena. Sijawahi kujiona wa muhimu kama vile tangu siku hizo.

Na baba alijua sheria kubwa ya kazi ile. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, kabla haijawashwa. Ndiyo maana tulifanya alfajiri, baada ya pikipiki kulala usiku kucha. Hakuna aliyeweza kumwambia amekosea.

Sasa, mama yangu. Mama alikuwa mtu wa kuhurumia kila kitu. Kuku akinyeshewa aliletwa ndani. Mche wa kabeji ulioinama aliusimamisha kwa kijiti na kuuomba msamaha. Na miezi ya sakitu ilipofika, hangeweza kulala akijua pikipiki iko bandani peke yake. Aliifunika na blanketi lile la kijivu lenye mstari mwekundu. Alfajiri, akishawasha moto wa chai, makaa ya kwanza kabisa hayakuwa yetu. Aliyachota kwenye karai bovu, akayafunika na jivu kidogo, akaenda kuyaweka chini ya injini, na baba alikuwa ameshafunga bomba la petroli tangu jioni. Tulinywa chai baada ya pikipiki kuota moto. Majirani walisema siku moja petroli italipuka turuke wote mpaka kileleni mwa mlima, lakini hatukuruka.

"Ata wewe ukiamshwa na baridi hivi utakataa kazi," mama alimwambia baba. "Si ni chuma tu, lakini inaskia."

Na kweli, iliwaka. Ikifika saa ya kuondoka baba alipiga kiki mara moja, tu-tu-tu, na mama aliitikia pale jikoni kama mtu aliyesalimiwa.

Shida ilikuwa siku zake za soko. Mama aliuza viazi Kutus, alitoka na lori la alfajiri kupitia Karatina na Sagana, na siku hizo hakukuwa na makaa. Basi pikipiki iligoma. Baba alipiga kiki mpaka akavua koti. Mguu ulishuka bure, kama unakanyaga maji. Tulikuja kukubaliana sote, na baba wa kwanza, kwamba pikipiki imezeeka na bila makaa ya mama haiwezi. Jioni moja alimwambia mbele yangu, "Mama Wairimu, mimi ni dereva tu. Mwenye hii pikipiki ni wewe." Mama alicheka akaficha uso kwenye leso. Nilimwona. Siku hiyo alikuwa msichana.

Halafu dada yake mama, aliyeolewa Kutus, akajifungua pacha, na mama akaenda kumsaidia Julai nzima.

Siku ya kwanza baba alijaribu kuweka makaa mwenyewe, akachoma ukingo wa kiti. Mimi nikajitolea, akakataa katakata. "Wewe na moto karibu na petroli? Mama yako akirudi nitamwambia nini?" Basi ikawa ni kusukuma. Watoto wa shule waliigeuza mchezo. Walikuja na vitabu vyao kwapani, wakaingia nyuma, "Mtoto wa ndume, sema moja mbili!" na tukaisukuma mteremko mzima hadi relini ndipo ikashika. Baba alifika kwenye vizizi jua limepanda, watu wengine wameshakata tamaa wakarudi nyumbani na ng'ombe wao.

Mmoja wao alikuwa Cucu Wanjeri, bibi mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, Njeru, mweupe wote. Njeru alikuwa amekosa mara moja mama akiwa sokoni. Sasa akakosa mara ya pili. Cucu hakutukana mtu. Alimwambia baba tu, "Mwanangu, maziwa ya Njeru yameshakauka na ndama hakuna. Nikikosa tena nitamuuza kwa wachinjaji, na mimi nibaki na kamba."

Habari zikafika ofisini Nyeri. Mkubwa wa baba alimwita, akamwambia ile kazi ni ya mtu anayefika. Njeru akirudi kutaka ndume, na bwana wa mbegu asiwepo, pikipiki itapewa mtu mwingine, yeye atakaa stoo kuosha chupa.

Baba alirudi jioni hiyo akaketi kwenye kigogo uani, kofia ya kupandia mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa bila kufanya kitu. Nikamletea viazi vya jivuni akasahau kuvimenya.

Jumamosi ikafika, siku ya valvu. Sakitu ilikuwa mpaka kwenye mabati. Hakuna aliyewasha moto, kwa sababu tulikuwa tumezoea kunywa uji wa jana. Baba akafungua kifuniko, nikashika bua, likapanda, likatulia. "Imefika!" Nikachukua kijibati.

Hakikuingia.

Nikajaribu tena. Kikagonga ukingo kikapinda. "Baba, imekataa."

"Umeshika kile kingine, kinene."

"Ni hiki tu, baba. Ni kile cha siku zote."

Akakichukua yeye. Kikakataa. Akashika kile kidole cha chuma akijaribu kukitikisa, hakikucheza hata kidogo. Mwezi uliopita tulikuwa tumekiacha vizuri kabisa. Baba aliweka kiganja chake ubavuni mwa injini, akakiondoa upesi kwa baridi. Akageuka akatazama jikoni. Paa halikuwa likitoa moshi.

"Maitu," akasema polepole, "mwezi ule tukipima, nani aliweka makaa?"

"Si mama, kama kawaida."

Alikaa chini kabisa kwenye sakitu, na suruali yake ya kazi. Halafu akaanza kucheka, cheko la kimyakimya, mabega yanaruka. Ndipo akanieleza. Chuma kikipata moto hutanuka. Injini ikiota makaa, ganda lake hurefuka kidogo kuliko vyuma vya ndani vinavyosukuma vile vidole, na ile nafasi hupanuka. Sisi tulikuwa tunaipima ikiwa imepanuka, tunasema imetosha, halafu ikipoa nafasi yote inakwisha, kilango kinabaki wazi, pumzi inatoroka. Ndiyo sababu iligoma kukiwa na baridi, na ikawaka ikiota moto. Makaa ndiyo yaliyoiponya kila asubuhi, na makaa hayo hayo, siku ya valvu, ndiyo yaliyoiumiza. Baba hakuwahi kufikiri kwamba injini iliyolala usiku kucha inaweza kuwa haiko baridi, kwa sababu nani mwingine duniani alikuwa na mke anayeipelekea pikipiki moto?

Tulipima upya, kila kilango. Kijibati kikaingia kikisugua. Siku ya Njeru ilipofika kulikuwa na sakitu mbaya kuliko zote. Watoto walikuja tayari kusukuma. Baba akafungua petroli, akapanda, mguu ukakutana na uzito wa pumzi iliyofungiwa vizuri, akakanyaga.

Tu-tu-tu.

Watoto walikasirika, walitaka mchezo wao. Mimi nililia. Baba alifika kizizini kabla ya Cucu Wanjeri mwenyewe, na mwaka uliofuata Cucu alipata ndama jike akamwita Pikipiki. Stoo ya chupa haikutajwa tena.

Mama alirudi mwisho wa mwezi, kiondo kimemwelemea mgongoni na kamba yake kwenye kipaji cha uso. Kabla hajatua mzigo alipita bandani. Aliweka mkono kwenye injini kama anayepima homa ya mtoto, akaona kiti kilichoungua, akasema, "Maskini, wamekuacha na baridi. Baba Wairimu, iliwasumbua?"

Nilimtazama baba. Alinyoosha kidole kuelekea valvu, akakirudisha. Akatazama ule mkono.

"Ilitusumbua sana," akasema. "Mpaka watoto wakasukuma."

"Nilijua!" mama akasema, uso umewaka kwa furaha na huruma vyote pamoja. Kesho yake alfajiri makaa yalikuwa mahali pake.

Hayakuwa na ubaya siku za kawaida. Ilikuwa ile Jumamosi moja tu ya mwezi, ya kupima valvu. Na ndivyo baba yangu, mtu aliyekuwa na meno mabovu mawili ya mbele na hamu ya uji laini tu, alivyoanza kutamani mahindi ya kuchoma alfajiri. Kila Jumamosi ya valvu, miezi ya baridi, aliingia jikoni akisugua mikono.

"Mama Wairimu, leo nataka mahindi. Ya makaa. Yote hayo weka hapa."

"Alfajiri hii? Nani anakula mahindi ya kuchoma alfajiri? Na hayo meno?"

"Nimeyaota usiku."

"Na pikipiki?"

"Ingoje leo. Mimi ndiye mzee wa hii boma ama ni hiyo?"

Mama alicheka, akayatandaza makaa yote mafigani, akageuza hindi, na sisi wawili tukachomoka kwenda bandani na bua letu. Kisha baba alirudi akala, punje baada ya punje, kwa jino la pembeni, machozi yakimtoka kwa moshi, na akasema ni matamu. Miaka mingi alikula hivyo. Na siri nikaitunza.

Siku hizi napanga chumba Majengo, Nyeri, na cherehani yangu. Nashona sare za shule, na ninachopenda zaidi ni kushona vifuniko vya viti vya pikipiki, maana niliona kiti kikiungua nikiwa mdogo. Darasa la saba ndiyo mwisho wangu, lakini mawingu bado nitaenda kuyaona. Siku hizi bwana wa mbegu anapita na gari, madirisha yamefungwa, kama anapita. Vile vizizi vimeng'olewa kuni. Watu wanahurumiana kwa maneno mengi, redio inawafundisha. Zamani mtu alikuhurumia kwa karai la makaa, na wewe ukamhurumia kwa jino lako.

Mama alitutoka mwaka juzi. Mwezi uliopita nilienda Kutus kumsalimia tata, yule dada yake, na wale pacha sasa wana ndevu. Tata alinifungia mahindi mabichi, akawa anayabonyeza moja moja kwa ukucha.

"Mama yako alinichosha na mahindi," akasema. "Huko kwenu Julai bado hayajakomaa, na yeye kila akileta viazi lazima arudi nayo. Na si mahindi tu, ati lazima yawe machanga, punje za maziwa. Nikamwuliza, we, unalisha mtoto gani? Akaniambia, 'Mzee wangu kuna siku hataki makaa yangu kwa pikipiki, na anaogopa kuniambia. Anajifanya anataka mahindi. Wacha basi nimtafutie yale hayatamvunja meno.'"

Nilishika kiondo nikaenda stendi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kiganjo. Baba amestaafu, anaishi na kuku na redio. Niliamka kabla yake, nikawasha moto, nikatandaza makaa, nikachoma. Alitoka na blanketi mabegani, lile la kijivu lenye mstari mwekundu, akaketi, nikampa hindi. Akauma kwa uangalifu, kwa jino la pembeni, kama alivyozoea. Akasita. Akauma tena, kwa mbele.

"Maitu, haya laini hivi umeyatoa wapi? Huku bado."

"Kutus, baba. Tata amenichagulia. Alivyokuwa akimchagulia mama."

Alitafuna taratibu. Kisha akaacha kutafuna. Aliligeuza lile hindi mkononi, akilitazama upande huu na upande huu, halafu akainua macho akatazama banda tupu, kisha akatazama makaa.

"Yalikuwa laini," akasema mwishowe. "Siku zote yalikuwa laini. Mimi nilidhani ni bahati."